Baiskeli ya mguu mmoja si dhaifu, lakini haimsamehe mzembe

MTU anayeiona kwa mara ya kwanza baiskeli ya aina hii ikiwa imeegeshwa mbele ya duka mjini Nyeri hudhani imeng'oka kipande. Upande wa kushoto wa gurudumu la mbele kuna mguu mmoja mnene unaoshuka kutoka chini ya usukani. Upande wa kulia hakuna kitu. Gurudumu limeshikwa upande mmoja tu.

Swali linaloulizwa na wengi ni iwapo mguu huo hautavunjika siku mwenyewe atakapokuwa akiteremka mlima. Hata hivyo, anayetaka kuinunua ana swali jingine zito zaidi la kujiuliza: mguu huo ukikwama, nani atautengeneza, kwa vipuri gani, na baiskeli itakuwa na kazi gani wakati huo wote?

Swali hilo lina uzito wa pekee katika maeneo yanayouzunguka Mlima Kenya. Baiskeli za milimani zilizotumika Ulaya na Marekani zimekuwa zikiuzwa nchini pamoja na mitumba mingine, na nyingine huletwa na jamaa wanaorejea kutoka ng'ambo. Kati ya hizo hutokea moja moja yenye foku isiyo ya kawaida. Mnunuzi huvutiwa na sura yake na bei iliyoshuka, akatoa akiba yake bila kujua anachoingia.

Foku ni nini?

Foku ni uma unaolishikilia gurudumu la mbele. Kwenye baiskeli kuukuu ya chuma inayobeba maziwa na magunia ya viazi, uma huo ni vyuma viwili vigumu visivyonepa. Kila shimo la barabara humfikia mwendeshaji mikononi na mabegani.

Foku yenye springi ilianza kuenea katika baiskeli za milimani baada ya mwaka wa 1989, pale kampuni ya RockShox ya Marekani ilipotoa foku yake ya kwanza, RS-1. Muundo wake ulifanana na ule wa pikipiki: miguu miwili, kila mmoja ukiwa na bomba jembamba linaloteleza ndani ya bomba pana. Hewa au springi hubeba uzito, na mafuta yanayopita katika matundu madogo huzuia gurudumu lisiruke ovyo baada ya kugonga jiwe.

Muundo huo wa miguu miwili ndio uliotawala hadi leo. Fundi yeyote aliyezoea baiskeli za milimani anaujua, na vipuri vyake havihitaji kutafutwa mbali sana.

Kampuni nyingine ya Marekani, Cannondale, ilichukua njia yake. Mwaka wa 1992 ilitoa foku iliyoitwa Headshok, ambayo springi yake imefichwa ndani ya shingo ya baiskeli, juu ya gurudumu. Asiyeijua hudhani ni uma mgumu wa kawaida. Kisha, kuelekea mwanzo wa miaka ya 2000, ikaleta Lefty, foku yenye mguu wa kushoto pekee.

Kwa nini haivunjiki?

Jicho huona upungufu kwa sababu limezoea miguu miwili. Lakini gurudumu kushikwa upande mmoja si jambo geni. Magurudumu ya matatu inayotoka Nyeri kwenda Nanyuki ikiwa imejaa abiria yameshikwa upande mmoja. Skuta ya Vespa, iliyobuniwa nchini Italia mwaka wa 1946 na mhandisi wa ndege Corradino D'Ascanio, ina gurudumu la mbele lililoshikwa upande mmoja. Magurudumu ya ndege nyingi ndogo ni hivyo hivyo.

Ili mguu mmoja ufanye kazi ya miwili, huna budi kuunenepesha. Mguu wa Lefty una bomba pana zaidi kuliko mguu wa foku ya kawaida, nao katika matoleo ya awali umefungwa kwenye shingo ya baiskeli kwa vishikio viwili, kimoja juu na kingine chini. Ekseli ya gurudumu ni nene upande wa mguu na nyembamba kuelekea nje.

Tatizo kubwa ambalo wabunifu walilazimika kulitatua ni la usukani. Bomba moja la mviringo likiwa ndani ya jingine linaweza kuzunguka. Kama foku ya mguu mmoja ingeundwa hivyo, mwendeshaji angegeuza usukani na gurudumu lisigeuke. Katika foku ya kawaida mguu wa pili huzuia jambo hilo.

Suluhisho lilikuwa kulipa bomba la ndani pande bapa badala ya kuliacha likiwa duara. Katika matoleo ya kwanza pande hizo ni nne, na juu ya kila upande hupangwa safu ya vijiti vya chuma vyembamba mithili ya sindano. Bomba linapopanda na kushuka, vijiti hivyo hubiringika. Haliwezi kuzunguka, na pia halisuguani moja kwa moja na ukuta wa bomba la nje.

Faida yake huonekana barabara inapokuwa mbaya. Mwendeshaji anapokamata breki kwa nguvu kwenye mteremko, foku ya kawaida huwa na mwelekeo wa kujibana kwa sababu mabomba yake husuguana. Vijiti vinavyobiringika havijibani kwa urahisi, hivyo gurudumu huendelea kufuata mabonde na vilima vya ardhi. Usukani nao hubaki thabiti.

Adui ni tope na vumbi

Faida hiyo hiyo ndiyo chanzo cha udhaifu wa foku hii. Vijiti vya chuma vinavyobiringika juu ya chuma vinahitaji usafi na grisi. Punje moja ya mchanga ikiingia, hugeuka tupa.

Nyeri ina kila kitu ambacho foku hii haikipendi. Mvua ndefu hunyesha kati ya Machi na Mei, na za vuli kati ya Oktoba na Desemba. Udongo mwekundu wa Tetu, Othaya na Mathira huganda kwenye matairi kama ugali mbichi. Mvua ikikatika, udongo huo huo hukauka na kuwa vumbi laini linalopenya popote. Maji na vumbi vikichanganyika na grisi kuukuu, hutokea uji unaosaga chuma.

Anayeendesha kutoka kwenye misitu ya mlima hadi nyanda kavu za Laikipia hukutana na hali zote mbili kwa siku moja. Mashindano ya baiskeli ya 10to4, yaliyoanzishwa ili kuchangia kazi ya shirika la Mount Kenya Trust, yalipata jina lake kutokana na safari ya namna hiyo: kuteremka kutoka futi 10,000 hadi futi 4,000.

Matoleo ya kwanza ya Lefty hulindwa na soksi ya mpira iliyokunjwakunjwa, inayofunika sehemu ambapo bomba la ndani huingia katika lile la nje. Soksi hiyo ikichanika hata kidogo, kinga yote imekwisha. Maji huingia yasipate pa kutokea, na kutu huanza mahali ambapo mwenyewe haoni.

Tuchukue mfano wa mwalimu wa Karatina anayenunua baiskeli ya aina hii mwezi wa Januari, wakati wa kiangazi. Miezi mitatu ya kwanza inaenda vizuri kuliko baiskeli yoyote aliyowahi kupanda. Aprili soksi inachanika kwa mwiba. Anaiona, lakini kwa kuwa baiskeli haijabadilika, anaacha. Kila Jumamosi anaipeleka kwenye kituo cha kuoshea magari, ambako maji ya kasi yanasukuma tope ndani ya ufa ule. Kufikia Agosti, foku inashuka nusu ya kiwango chake na kutoa sauti ya mchanga unaosagwa.

Mwalimu huyo hatapoteza foku pekee. Hapo ndipo ugumu wa umiliki wa chombo hiki ulipo.

Foku isiyokuja peke yake

Foku ya kawaida ikifa, mwenyewe hununua nyingine, hata ya bei ndogo, akaendelea na safari. Foku ya mguu mmoja imefungamana na viungo vingine vitatu.

Cha kwanza ni kitovu cha gurudumu. Kimeundwa kwa ajili ya ekseli ya upande mmoja, hivyo gurudumu hilo haliingii katika foku ya miguu miwili, wala gurudumu la kawaida haliingii katika Lefty. Cha pili ni breki. Foku hii hutumia breki ya diski pekee, kwa sababu haina mahali pa kufungia breki za kubana rimu. Cha tatu ni shingo ya fremu. Baiskeli nyingi za Cannondale zilizotengenezwa kwa ajili ya Headshok au Lefty zina shingo pana kuliko kawaida, na foku nyingine huhitaji vikombe maalumu vya kupunguza upana huo.

Kwa maneno mengine, mtu anayeamua kubadilisha atanunua foku, gurudumu la mbele au angalau kitovu kipya cha kusukiwa upya, pamoja na vikombe vya shingo. Gharama hiyo huenda ikakaribia ile aliyolipia baiskeli nzima ilipokuwa mtumba.

Kuna jambo lingine. Matoleo hayafanani. Yale ya miaka ya 2000 yana soksi na safu nne za sindano. Katika miaka ya 2010 yalitokea mengine yasiyo na soksi, yenye seti moja ya sindano na sehemu nyingine ya kuteleza. Mwaka wa 2018 likaja toleo la Ocho, ambalo hushikwa chini ya shingo pekee kama foku ya kawaida. Kipuri cha toleo moja hakitarajiwi kuingia katika jingine. Kwa hivyo anayeagiza kipuri bila kusoma nambari iliyochapishwa kwenye mguu anacheza bahati nasibu.

Kabla ya kutoa pesa

Ukaguzi wa dakika 10 unaweza kumwokoa mnunuzi. Kwanza, asimame kando ya baiskeli, akamate breki ya mbele na kuusukuma usukani mbele na nyuma. Akihisi mchezo au kusikia mgongano, kuna kitu kilicholegea au kulika.

Pili, aishindilie foku kwa uzito wa mwili mara kadhaa. Inafaa kushuka bila kukwaruza na kurudi juu kwa utulivu, isiruke kama mpira wala isipande kwa kusitasita. Ikishuka kidogo kisha ikagonga ukuta, asikubali kuambiwa kwamba inahitaji hewa tu.

Tatu, aichunguze soksi mkunjo kwa mkunjo, na vibano vyake juu na chini. Katika matoleo yasiyo na soksi, aangalie iwapo bomba lina mikwaruzo au michirizi ya mafuta. Nne, ainue gurudumu na kulitikisa kushoto na kulia, kisha alizungushe akisikiliza sauti ya beringi. Tano, atazame vishikio vya shingo na sehemu ambapo ekseli inaungana na mguu, akitafuta ufa. Ufa wowote, uwe mdogo namna gani, ni sababu ya kuondoka.

Mwisho, aulize kama kuna pampu ya foku, kitabu cha maelezo na kumbukumbu za matengenezo. Muuzaji asiye na chochote kati ya hivyo huenda hana hatia, lakini bei inapaswa kuzingatia kwamba foku hiyo itafunguliwa na kuhudumiwa kabla ya kutumiwa.

Utunzaji wa kila siku

Baada ya safari, baiskeli ipanguswe kwa kitambaa chenye maji, kisha kwa kikavu. Maji yenye msukumo mkubwa yasielekezwe kamwe kwenye soksi, shingo wala vitovu vya magurudumu. Mafuta ya taa, ambayo mafundi wengi huyatumia kusafisha mnyororo, yasikaribie foku kwa sababu huosha grisi inayolinda sindano. Vivyo hivyo, mafuta ya aina yoyote yasiguse diski ya breki.

Hewa ya foku hujazwa kwa pampu maalumu ndogo yenye kipimo, si ile ya matairi. Kipimo sahihi hutegemea uzito wa mwendeshaji. Foku yenye mwendo wa milimita 100 inafaa kushuka kwa milimita 20 hadi 25 mwendeshaji anapokaa juu yake kwa utulivu akiwa na mavazi na mzigo wake wa kawaida. Umbali huo hupimwa kutoka katikati ya gurudumu hadi kwenye kishikio cha chini, kabla na baada ya kupanda.

Ni vyema kipimo hicho kichukuliwe mahali ambapo mtu huendesha. Foku iliyojazwa Mombasa ikaletwa Nyeri, zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, huonyesha takriban paundi 3 zaidi kwa inchi ya mraba kwa sababu hewa ya nje imepungua uzito. Tofauti hiyo ni ndogo. Baridi ya Julai nayo huyafanya mafuta ya ndani kuwa mazito, na foku hurudi polepole asubuhi kuliko mchana. Hilo si ugonjwa.

Ugonjwa halisi wa matoleo ya zamani ni kuhama kwa sindano. Sindano hizo hushikiliwa na kishikizo chembamba ambacho, bomba likitembea umbali fulani, chenyewe hutembea nusu yake. Kwa safari nyingi kishikizo huteleza kidogo kidogo kutoka mahali pake, hadi kinapofika ukingoni mapema na kuizuia foku isimalize mwendo wake. Mwenyewe huona baiskeli imekuwa ngumu na kudhani hewa imezidi.

Dawa yake ni kuvirudisha vishikizo mahali pake kwa utaratibu uliomo katika kitabu cha toleo husika. Njia ya kugundua tatizo ni rahisi: mtu apime urefu wa mguu ukiwa umenyooka kabisa siku anaponunua baiskeli, auandike, na kuupima tena kila mwezi. Urefu ukipungua, sindano zimehama.

Kadhalika, soksi ifunguliwe kabla na baada ya kila msimu wa mvua, maji yakaushwe, grisi kuukuu ipanguswe na mpya kupakwa. Iliyochanika ibadilishwe siku hiyo hiyo. Bolti za vishikio na za breki zikazwe kwa spana yenye kipimo cha nguvu, hasa pale kaboni inapohusika, kwa kuwa mkono pekee hauwezi kujua mpaka kati ya kukaza na kupasua.

Breki ina mkasa wake. Katika matoleo ya zamani gurudumu halitoki mpaka kifaa cha breki kifunguliwe kwanza. Lakini kuna faraja: pancha haihitaji gurudumu litolewe. Kwa kuwa upande wa kulia uko wazi, tyubu huvutwa na kurejeshwa gurudumu likiwa palepale. Kwa mtu aliyetobolewa na miiba ya Laikipia, hiyo si faida ndogo.

Anayesafirisha baiskeli juu ya matatu aepuke kuifunga kamba kwenye soksi, na kutolewa gurudumu kusiache ekseli ikigongana na mizigo.

Nani ataifungua?

Kazi za ndani, yaani za mafuta na mipira ya kuzibia, zinahitaji zana ambazo fundi wa kawaida hana sababu ya kuwa nazo. Kumlazimisha azifungue kwa koleo na nyundo ni kumwonea yeye na baiskeli. Ulaya na Marekani kuna karakana zinazojishughulisha na foku hizi pekee, na nyingi hupokea mguu uliotumwa kwa kifurushi. Kwa mkazi wa Nyeri, hiyo ina maana ya kulipa usafirishaji wa kwenda na kurudi, ushuru, na wiki nyingi bila baiskeli.

Ndiyo sababu mmiliki mwenye busara hujiwekea akiba ya soksi, grisi sahihi na mipira ya kuzibia kabla haijahitajika. Akiweza, huweka pia foku ngumu ya zamani pamoja na gurudumu lake, ili mguu ukisafiri baiskeli isilale.

Kwa asiyetaka shughuli hii yote lakini anapenda kitu tofauti, muundo mwingine usio wa kawaida huenda ukamfaa. Kampuni ya Lauf ya Iceland hutengeneza foku zinazonepa kwa vipande vyembamba vya nyuzi maalumu, mithili ya springi bapa za lori. Hazina mafuta, hewa wala mpira wa kuzibia, hivyo tope halina pa kuingia. Ile ya barabara za changarawe hunepa milimita 30 tu, na hakuna mafuta ya kuituliza inaporuka. Mwendo ni mfupi, na utunzaji ni mfupi vilevile.

Anayetegemea baiskeli kufika kazini kila asubuhi atatumikiwa vyema zaidi na foku ya miguu miwili ambayo fundi wa mtaani anaijua. Lefty inamfaa mwenye baiskeli ya pili, daftari la vipimo na subira. Mwalimu wa Karatina angeweza kuwa mmoja wao. Soksi aliyoiona imechanika mwezi wa Aprili ingembadilisha mkondo wote huo, kwa kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa foku hii ukuta wenyewe huagizwa kutoka ng'ambo.